Stenti katika vena ya figo: Kidonda kidogo, uamuzi mkubwa

FIGO mbili za binadamu hazifanani kwa kila jambo. Ingawa zote mbili hufanya kazi ileile ya kuchuja damu na kutengeneza mkojo, damu ya figo ya kushoto ina safari ndefu zaidi ya kurudi moyoni. Katika safari hiyo vena yake hulazimika kupita mahali pembamba, na kwa baadhi ya watu hubanwa hapo kiasi kwamba damu haipiti ipasavyo. Matokeo yake huweza kuwa damu katika mkojo, maumivu ya ubavu wa kushoto na, kwa wanaume, kuvimba kwa vena za korodani ya kushoto.

Kwa miaka mingi tiba kuu ya wagonjwa waliozidiwa na hali hiyo ilikuwa kupasuliwa tumbo. Mwaka 1996 ilichapishwa ripoti ya kwanza ya njia nyingine. Katika njia hiyo, kijibomba cha wavu wa chuma kiitwacho stenti hupitishwa katika tundu dogo kwenye paja, karibu na kinena, hadi ndani ya vena iliyobanwa, kikaachwa humo ili kuishikilia ibaki wazi. Tundu ni dogo, maumivu ni machache, na mara nyingi mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache tu.

Hata hivyo, udogo wa kidonda si kipimo cha udogo wa hatari. Makala haya yanaeleza ugonjwa wenyewe, jinsi unavyotambuliwa, namna stenti inavyowekwa, na sababu zinazowafanya wataalamu wengi washauri kwamba tiba hiyo isikimbiliwe.

Mahali vena inapobanwa

Mtu mzima akiwa ametulia, figo zake mbili hupokea takriban lita 1 ya damu kila dakika, yaani karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu huingia katika kila figo kwa ateri na kutoka kwa vena. Vena zote mbili za figo humwaga damu katika vena kubwa ya chini, ambayo hupanda kuelekea moyoni upande wa kulia wa uti wa mgongo.

Kwa kuwa vena hiyo kubwa iko kulia, vena ya figo ya kulia ni fupi, sentimita 2 hadi 4 tu. Ile ya kushoto huwa na urefu wa sentimita 6 hadi 10, na kabla ya kufika mwisho wa safari yake hupita mbele ya aota, ambayo ndiyo ateri kuu ya mwili. Kutoka katika aota hiyo huchipuka ateri inayolisha utumbo, nayo huteremka mbele ya aota kama tawi linaloinama karibu na shina la mti. Vena ya figo ya kushoto hupenya katika pembe iliyo kati ya shina hilo na tawi lake.

Katika mwili ulio na nafasi ya kutosha, pembe hiyo mara nyingi huwa kati ya nyuzi 38 na 65, na mafuta yaliyomo ndani yake huitenganisha ateri na aota kama mto mdogo. Pembe ikiwa finyu zaidi, hasa chini ya nyuzi 35, au mafuta hayo yakipungua, ateri huikandamiza vena dhidi ya aota. Wapo pia watu wachache ambao vena yao ya kushoto hupita nyuma ya aota, ikabanwa kati ya aota na uti wa mgongo. Hiyo huhesabiwa kuwa aina ya pili ya ugonjwa huu.

Historia ya jina

Mwaka 1937 mtaalamu wa anatomia J. C. Boileau Grant aliifananisha vena hiyo, katika kitabu chake cha kufundishia, na kokwa iliyowekwa kati ya taya mbili za koleo la kupasulia. Ripoti ya kwanza ya kitabibu juu ya mbano huo ilitolewa na El-Sadr na Mina mwaka 1950. Mwaka 1972 daktari De Schepper alilitumia jina la koleo hilo katika jarida la radiolojia la Ubelgiji, na tangu hapo ndilo jina linalotumika duniani. Kwa lugha yetu tunaweza kuuita ugonjwa wa kubanwa kwa vena ya figo.

Tofauti moja ni muhimu kuizingatia tangu mwanzo. Kubanwa kwa vena kunakoonekana katika picha si ugonjwa peke yake. Watu wengi wenye afya njema wanapopigwa picha za tumbo kwa sababu nyingine huonekana na vena iliyobonyea mahali hapo, ilhali hawana dalili yoyote na hawatapata madhara. Ugonjwa huhesabika pale tu mbano unapoambatana na dalili na vipimo vinavyoonyesha kwamba damu inarundikana.

Dalili zake

Vena inapobanwa, shinikizo la damu hupanda katika upande wa figo, kama maji yanavyopanda nyuma ya lango la mfereji lililofungwa nusu. Vena ndogo zinazozunguka chemba za mkojo ndani ya figo hutanuka, na kuta zake, ambazo ni nyembamba sana, huweza kupasuka na kuvujisha damu katika mkojo. Wakati mwingine damu huonekana kwa macho, na mkojo ukawa mwekundu au wa rangi ya kahawia. Wakati mwingine haionekani mpaka mkojo uchunguzwe kwa hadubini.

Dalili nyingine ni maumivu ya ubavu au tumbo upande wa kushoto, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa huongezeka wanaposimama kwa muda mrefu au baada ya mazoezi. Vijana wengine hukutwa na protini katika mkojo unaopimwa mchana wakiwa wamesimama na kutembea, ilhali mkojo wa alfajiri, baada ya kulala usiku kucha, hauna kitu. Wapo pia wanaolalamikia uchovu wa kudumu.

Damu iliyozuiwa hutafuta njia ya pembeni. Vena ya korodani ya kushoto kwa mwanaume, na ya ovari ya kushoto kwa mwanamke, humwaga damu yake katika vena ya figo ya kushoto. Shinikizo likipanda, damu huweza kurudi nyuma na kuteremka. Mwanaume hupata uvimbe laini juu ya korodani, unaohisiwa kama fundo la minyoo, na huweza kuathiri uwezo wake wa kuzaa. Mwanamke huweza kupata mrundikano wa damu katika vena za nyonga, wenye maumivu mazito chini ya kitovu, maumivu wakati wa tendo la ndoa au baada yake, na vena zilizovimba sehemu za siri na kwenye mapaja.

Wanaopatwa zaidi na tatizo hili ni vijana na watu wazima wa umri wa kati, hasa walio wembamba, waliokua kimo kwa haraka wakati wa balehe, au waliopungua uzito kwa ghafla. Pembe hiyo hiyo hupitisha pia kipande cha mwanzo cha utumbo mdogo. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wachache hushiba haraka na kutapika baada ya kula kwa kuwa utumbo nao umebanwa.

Damu katika mkojo ina sababu nyingi

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, mtu anayekojoa damu hufikiriwa kwanza kuwa na kichocho, na si bila sababu. Kichocho cha kibofu kimekuwapo kwa miaka mingi Unguja na Pemba, katika mwambao wa Tanzania na Kenya, na katika maeneo ya bara kusini mwa Ziwa Victoria. Maambukizi ya njia ya mkojo, mawe ya figo, ugonjwa wa selimundu, magonjwa ya vichujio vya figo na saratani ya kibofu au ya figo nayo huleta damu. Yote hayo ni ya kawaida kuliko kubanwa kwa vena.

Ndiyo maana ugonjwa huu hutafutwa mwishoni, baada ya hayo mengine kuondolewa kwa vipimo. Utaratibu huo ni sahihi. Kosa huingia pale mgonjwa anaporudia dozi za prazikwanteli au za antibayotiki mara tatu au nne bila yai la kichocho wala kijidudu chochote kuonekana katika mkojo wake, na hakuna anayeuliza damu hiyo inatoka wapi hasa. Daktari wa njia ya mkojo akichungulia kibofu kwa kamera nyembamba wakati damu inatoka, huweza kuona kwamba inatiririka kutoka katika mrija wa figo ya kushoto peke yake. Hiyo ni ishara kwamba uchunguzi uelekezwe huko.

Vipimo vinavyothibitisha

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi ya Doppler, ambayo hupima kasi ya damu bila kutumia mionzi wala sindano. Damu inayopita mahali pembamba hukimbia. Kasi yake katika sehemu iliyobanwa ikizidi mara 5 ile ya karibu na figo, mbano hutiliwa mashaka makubwa. Mgonjwa hupimwa akiwa amelala na akiwa amesimama, kwa kuwa pembe ile hubadilika kwa kadiri mwili unavyokaa.

Hufuata picha za CT au za MRI, zinazoonyesha umbo la vena, ukubwa wa pembe na njia za pembeni zilizojitokeza. Vena iliyobanwa sana huonekana imechongoka ghafla kama mdomo wa ndege.

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni kuingiza mrija mwembamba, yaani katheta, ndani ya vena yenyewe na kupima shinikizo kila upande wa mbano. Kwa mtu mzima wa afya, tofauti kati ya vena ya figo na vena kubwa ya chini huwa milimita 0 hadi 1 ya zebaki. Tofauti ya milimita 3 au zaidi huonyesha kwamba damu inazuiwa kweli. Hata hivyo, njia za pembeni zikiwa zimetanuka sana, hupunguza shinikizo hilo, na namba ikawa ndogo ingawa ugonjwa upo. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja kinachotosha kutoa hukumu, na hali ya mgonjwa husomwa pamoja na picha na namba zake.

Subira ni tiba

Mgonjwa mwenye damu kidogo isiyoonekana kwa macho na maumivu yanayovumilika hahitaji kufanyiwa upasuaji wala kuwekewa stenti. Kwa walio chini ya miaka 18, wataalamu hushauri kusubiri na kufuatilia kwa angalau miaka 2. Mwili unapoendelea kukua, mafuta huongezeka kuizunguka vena, pembe hutanuka, na njia za pembeni hukomaa na kupunguza shinikizo. Watoto na vijana wengi hupona hivyo bila kuguswa.

Kwa watu wazima kipindi cha kusubiri huwa kifupi zaidi, aghalabu miezi 6, nacho hutumika kurudisha uzito kwa wale waliokonda. Ushauri wa kuongeza uzito huwashangaza wagonjwa katika zama hizi ambapo kila mmoja huambiwa apunguze, lakini msingi wake ni wa kimaumbile. Mafuta machache ndani ya pembe ile hufanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na chuma. Wenye protini nyingi katika mkojo huweza kupewa dawa za kupunguza shinikizo ndani ya vichujio vya figo.

Hatua kubwa zaidi hufikiriwa pale damu inapotoka kwa wingi hadi kuleta upungufu wa damu, maumivu yanapomzuia mgonjwa kufanya kazi au kusoma, figo inapoanza kudhoofika, au kipindi cha kusubiri kinapopita bila nafuu.

Upasuaji wa wazi

Njia ya upasuaji iliyozoeleka zaidi ni kuihamisha vena. Daktari hufungua tumbo, huikata vena ya figo mahali inapoingia katika vena kubwa ya chini, huishona tena sentimita chache chini zaidi, mbali na pembe, kisha huziba tundu la awali. Matokeo yake kwa ujumla ni mazuri na hudumu. Gharama yake ni kovu refu, siku kadhaa hospitalini, wiki za kupona, na uwezekano wa damu kuganda au utumbo kunata baadaye.

Njia nyingine, iliyo nzito zaidi, ni kuitoa figo yote na kuipandikiza upya katika nyonga ya mgonjwa huyohuyo, ambako haina cha kuibana. Katika baadhi ya vituo uhamishaji wa vena hufanywa kwa matundu madogo ya laparoskopi au kwa msaada wa roboti, ambao hupunguza ukubwa wa kovu ingawa kazi ya ndani hubaki ileile.

Jinsi stenti inavyowekwa

Uwekaji wa stenti hufanywa katika chumba chenye mashine ya eksirei inayoonyesha picha mfululizo. Mgonjwa hulala chali na huchomwa ganzi kwenye kinena, mara nyingi upande wa kulia. Daktari hutoboa vena ya paja kwa sindano, hupitisha waya mwembamba na unaopinda, na kuusukuma kupitia vena kubwa ya chini hadi ndani ya vena ya figo ya kushoto. Katheta hufuata juu ya waya huo.

Dawa inayoonekana katika eksirei humwagwa ndani ya vena ili kuchora mbano na njia za pembeni, na shinikizo hupimwa. Vituo vyenye vifaa huingiza pia kipimo kidogo cha ultrasaundi ndani ya vena, ambacho hupima upana wake kwa usahihi kuliko picha za nje. Hapa ndipo penye uamuzi mgumu wa kazi yote, kwa sababu stenti inatakiwa iwe pana kidogo kuliko vena ili ishike, lakini isiwe pana mno ikaijeruhi. Zinazotumika huwa na upana wa milimita 12 hadi 16, na urefu wa sentimita 4 hadi 6.

Stenti huingizwa ikiwa imekunjwa ndani ya mrija. Ikifika mahali pake mrija huvutwa nyuma, nayo hujifungua yenyewe na kuzisukuma kuta za vena. Puto dogo huweza kujazwa ndani yake ili kuikamilisha. Picha ya mwisho huonyesha kama njia za pembeni zimenywea na kama shinikizo limeshuka. Kisha tundu hukandamizwa kwa mkono hadi damu ikome, bila kushonwa.

Baada ya hapo mgonjwa hutumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida kwa miezi kadhaa, hadi utando wa ndani wa vena uifunike stenti. Katika wiki za mwanzo huambiwa aepuke kubeba vitu vizito, michezo ya nguvu na kukaza tumbo. Hurudi kupimwa kwa ultrasaundi mara kwa mara katika mwaka wa kwanza, na baadaye kwa vipindi virefu zaidi.

Matokeo yake yamewapa moyo wengi. Ripoti moja kubwa kutoka China, iliyochapishwa mwaka 2011, ilihusu wagonjwa 61 waliowekewa stenti na kufuatiliwa kwa miaka. Katika 59 kati yao dalili ziliisha au zilipungua.

Hatari ya stenti kuhama

Hatari inayoogopwa zaidi ni stenti kuponyoka na kusafiri. Katika ripoti nyingine ya China ya mwaka 2016, kati ya wagonjwa 75 waliowekewa stenti, 5 walihamwa na stenti zao, sawa na asilimia 6.7.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, yafaa kulinganisha ateri na vena. Ateri huwa nyembamba kadiri damu inavyosonga mbele. Stenti ya ateri ya moyo ikilegea, hukwama mbele kidogo tu. Vena huwa pana kadiri zinavyokaribia moyo. Stenti inayoponyoka katika vena ya figo haina kitu cha kuizuia. Huingia katika vena kubwa ya chini, na kutoka hapo huweza kufika katika chemba za kulia za moyo, ambako huweza kujeruhi vali. Baadhi ya wagonjwa stenti zao zimetolewa kwa katheta, na wengine wamelazimika kufunguliwa kifua. Mtu aliyekwepa kupasuliwa tumbo hujikuta akipasuliwa moyo.

Sababu za kuhama ni stenti iliyo nyembamba au fupi kuliko inavyotakiwa, vena inayotanuka na kusinyaa kwa kila pumzi, mpigo wa ateri usiokoma, na kazi nzito kabla stenti haijashikwa na utando. Mbali na kuhama, damu huweza kuganda ndani ya stenti, utando ukaota kupita kiasi na kuiziba tena, au chuma kikachoka na kuvunjika baada ya miaka ya kukandamizwa.

Hapo ndipo swali la umri linapoingia. Stenti nyingi zinazotumika katika vena hii zilibuniwa kwa ajili ya mishipa mingine. Zaidi ya hayo, mgonjwa wa kawaida wa maradhi haya si mzee wa miaka 75, bali ni kijana wa miaka 20 au 30. Huyo atabeba chuma hicho kwa nusu karne au zaidi, muda ambao hakuna uchunguzi wowote uliokwisha kuufikia, kwa kuwa tiba yenyewe ilianza mwaka 1996. Kwa mwanamke anayetarajia kuzaa, dawa kama warfarini zina madhara kwa mimba, na jambo hilo linapaswa kuzungumzwa kabla, si baada.

Kuifunga njia ya pembeni

Ipo tiba nyingine ya tundu dogo inayohitaji tahadhari. Mwanamke mwenye maumivu ya nyonga huweza kufungiwa vena ya ovari kwa koili za chuma zinazopitishwa kwa katheta, na mwanaume mwenye uvimbe wa korodani huweza kufungwa vena yake kwa njia hiyo au kwa upasuaji mdogo. Ni tiba nzuri ikiwa tatizo liko katika vena hiyo yenyewe.

Lakini ikiwa vena ile imetanuka kwa sababu ndiyo mlango wa dharura wa figo iliyobanwa, kuifunga bila kushughulikia mbano ni kuziba mlango wa mwisho uliobaki. Shinikizo ndani ya figo huweza kupanda, na damu katika mkojo ikaanza au kuongezeka. Kwa hiyo, kabla ya kufunga vena ya ovari au ya korodani ya kushoto, ni busara vena ya figo nayo ichunguzwe.

Stenti ya nje

Hofu ya kuhama kwa stenti imewafanya madaktari wa upasuaji wafikirie kinyume. Badala ya kuweka nguzo ndani ya vena, huizungushia vena ganda gumu kwa nje ili ateri isiweze kuibonyeza. Wazo hilo lilielezwa mwaka 1988 na Barnes na wenzake, waliotumia bomba la plastiki lenye pete. Siku hizi ganda hilo huwekwa kwa laparoskopi, kupitia matundu machache tumboni.

Faida yake ni kwamba hakuna kitu kigeni kinachogusana na damu, hivyo hatari ya kuganda ni ndogo na dawa za muda mrefu huweza kuepukwa. Mwaka 2019 madaktari wa China waliripoti kutumia maganda ya titani yaliyochapishwa kwa mashine ya 3D kulingana na vipimo vya kila mgonjwa. Ganda la nje nalo huweza kusogea au kuzungukwa na kovu, lakini haliwezi kusafiri hadi moyoni.

Hali ilivyo kwetu

Tiba zinazofanywa kwa katheta chini ya picha zilikuwa adimu katika ukanda wetu kwa muda mrefu, na wengi waliozihitaji walisafiri kwenda India. Tangu mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, imekuwa ikifundisha madaktari wa fani hiyo kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Marekani, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili. Fani hiyo hufanya kazi nyingi za dharura na za kawaida, kama kuchukua vinyama vya uchunguzi, kutoa usaha na kuzibua mirija ya figo, na ndiyo iliyo na ujuzi wa msingi unaohitajika hapa.

Hata hivyo, ugonjwa huu ni nadra, na tiba yake hutegemea mikono iliyoirudia mara nyingi. Mgonjwa ana haki ya kupata maoni ya daktari wa njia ya mkojo, wa mishipa ya damu na wa radiolojia kabla ya kukubali. Anayeshauriwa kusafiri nje ya nchi anapaswa kuhesabu si nauli na gharama ya siku ile tu, bali pia nani atamfuatilia akirudi, kwa kuwa stenti isiyofuatiliwa ni hatari iliyoachwa peke yake.

Maswali ya kumuuliza daktari

Anayeshauriwa kuwekewa stenti katika vena ya figo anaweza kuuliza yafuatayo. Je, sababu nyingine za damu katika mkojo zimeondolewa kwa vipimo? Je, tofauti ya shinikizo imepimwa ndani ya vena, au uamuzi unatokana na picha peke yake? Je, muda wa kusubiri na kuongeza uzito umetolewa na kukamilika? Je, upana wa vena umepimwa kwa njia gani, na stenti itakayotumika ina ukubwa gani? Je, daktari huyu amewahi kuweka stenti ngapi mahali hapa, na zilizohama zilikuwa ngapi? Je, ikihama, hospitali hii ina uwezo wa kuitoa? Na je, kuihamisha vena au kuizungushia ganda la nje hakufai kwa mgonjwa huyu?

Daktari mwenye uzoefu hatachukizwa na maswali hayo. Wapo wagonjwa ambao stenti ndiyo njia bora kwao, hasa wale ambao miili yao haiwezi kustahimili upasuaji mkubwa, au ambao vena yao imebanwa tena baada ya kuhamishwa. Wapo wengi zaidi ambao wanachohitaji ni jina sahihi la ugonjwa wao, kilo chache za uzito na mwaka mmoja au miwili ya kufuatiliwa kwa makini. Kuyatenganisha makundi hayo mawili ndiyo kazi ya kwanza ya tiba hii, nayo hufanyika kabla sindano haijagusa paja la mgonjwa.